Mvua za Kesho na Ushahidi wa Tope la Kale

Katika mwambao wa kusini mwa Tanzania, kati ya Kilwa na Lindi, kuna matabaka mazito ya udongo wa mfinyanzi yaliyokuwa sakafu ya bahari miaka milioni 40 na ushei iliyopita. Watafutaji wa mafuta waliufahamu udongo huo zamani. Mwaka 2001 ukapata sifa nyingine kabisa. Paul Pearson na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini wadogo kama chembe za mchanga, yaliyohifadhiwa humo. Vipimo hivyo vililegeza fundo lililowasumbua wanasayansi wa tabianchi kwa miaka mingi.

Fundo lenyewe lilikuwa hili. Katika enzi ya Eosini dunia ilikuwa na joto jingi. Jamii ya mamba iliishi mbali kaskazini, kwenye visiwa ambavyo leo ni vya barafu, na hewa ukaa angani ilikuwa nyingi kuliko ya leo. Modeli za kompyuta zikipewa hewa ukaa ya kiasi hicho zilitoa jibu lilelile kila mara, kwamba bahari za tropiki nazo lazima zilikuwa na joto kali. Lakini magamba yaliyochimbwa kwenye vilindi vya bahari yalikataa. Yalisema maji ya tropiki wakati ule yalikuwa baridi kuliko ya sasa. Basi ama modeli zilikuwa mbovu, ama hewa ukaa haikuwa na nguvu iliyodaiwa kuwa nayo.

Gamba la foraminifera hutunza kumbukumbu ya joto kwa njia ya oksijeni. Kuna oksijeni nyepesi na nzito, na kadiri maji yanavyokuwa baridi ndivyo gamba linavyochukua zaidi ile nzito. Kiumbe huyu akiishi juu ya maji, gamba lake huandika joto la juu. Akifa, gamba huzama hadi kilindini kwenye maji baridi, hulala humo mamilioni ya miaka, na taratibu madini yake huyeyuka na kujijenga upya. Ukilitazama kwa hadubini unaona kitu cheupe, kikavu, kama kimepakwa chokaa. Gamba bado lina umbo lake, ila kumbukumbu ya joto imeshachanganyika na ubaridi wa kilindi. Magamba ya Kilwa hayako hivyo. Udongo wa mfinyanzi haupitishi maji kirahisi, kwa hiyo ulilifunga kila gamba mahali pake, na chini ya hadubini yanang'aa na kupenyeza mwanga kama kioo. Yalipopimwa, yalionyesha bahari ya nyuzi 28 hadi 32 au zaidi. Modeli ilikuwa sahihi. Ushahidi ndio uliokuwa umeharibika.

Baadaye mradi wa uchimbaji uliolishirikisha Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC, ulitoboa visima vingi katika eneo hilo. Mwaka 2009 sampuli za huko zilisaidia kuonyesha jinsi hewa ukaa ilivyopungua wakati barafu ya Antaktika ilipoanza kujengeka, miaka milioni 34 hivi iliyopita.

Nimeanza na Kilwa kwa makusudi. Watu wengi wakisikia kwamba tabianchi za kale hutumika kutabiri zijazo, hudhani kazi ni kutafuta enzi inayofanana na kesho kisha kuinakili. Enzi ya namna hiyo haipo. Mabara yamehama, milima imeinuka, na kasi tunayoongezea hewa ukaa angani leo haionekani popote katika barafu ya kale. Kinachofanyika ni mtihani. Modeli inapewa hali ya zamani, yaani kiasi cha gesi, umbo la njia ya dunia kuzunguka jua na ukubwa wa barafu, kisha inaulizwa joto na mvua vilikuwaje. Majibu yanalinganishwa na tope, barafu, matumbawe na magamba. Na kama Kilwa inavyoonyesha, msahihishaji naye anaweza kuwa na makosa.

Kwa nini tusiridhike na vipimo vya kisasa? Kwa sababu ni vifupi mno. Vipimo vya joto vya dunia nzima vinaanzia karibu 1850, na vituo vingi vya mvua vya Afrika Mashariki havina hata karne moja ya kumbukumbu zisizokatika. Chukua Ziwa Victoria. Mtu aliyelipima tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1960 angeapa kwamba analijua. Mvua kubwa za 1961 zikaja, na kufikia 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Tope la chini yake linasimulia makubwa zaidi. Mwishoni mwa enzi ya barafu, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, ziwa hilo lilikauka. Hakuna mhandisi ambaye angelipata tukio la namna hiyo kwenye daftari za vipimo vya mvua.

Modeli nazo zimerekebishwa zilingane na kipindi hiki kifupi kilichopimwa. Modeli mbili zinaweza kuigiza karne ya 20 vizuri sawasawa, kisha zikatofautiana vibaya kuhusu 2100.

Swali ambalo ushahidi wa kale umelisaidia kuliko yote ni lile la msingi: hewa ukaa ikiongezeka maradufu, dunia itapata joto kiasi gani ikishatulia? Mwaka 1979 kamati iliyoongozwa na Jule Charney nchini Marekani ilijibu kwamba ni kati ya nyuzi 1.5 na 4.5. Kwa miaka 40 jibu halikusogea sana, pamoja na kompyuta kuongezeka nguvu mara nyingi isivyohesabika. Ripoti ya jopo la kimataifa la IPCC ya mwaka 2021 ndiyo iliyobana nafasi hiyo hadi kati ya 2.5 na 4, huku 3 ikiwa ndiyo namba inayoaminiwa zaidi, na ushahidi wa kale ulikuwa mmoja wa mashahidi wakuu. Hoja yake si ngumu kuifuata. Wakati barafu ilipofikia kilele, miaka 21,000 hivi iliyopita, hewa ukaa ilikuwa karibu sehemu 190 kwa kila milioni. Tunajua hivyo kwa sababu viputo vya hewa ya wakati huo bado vimefungwa ndani ya barafu ya Antaktika. Kabla ya viwanda zilikuwa 280, na leo zimepita 420. Wastani wa joto la dunia wakati ule ulikuwa chini kwa nyuzi 6 hivi. Dunia isingeweza kupoa kiasi hicho kama ingekuwa nzito kuitikia mabadiliko ya gesi. Kama ingekuwa nyepesi kupita kiasi, ingepoa zaidi ya hapo.

Faida ya mtihani huu ilionekana wazi kwa modeli iitwayo CESM2, iliyojengwa na kituo cha NCAR huko Colorado, Marekani. Ni modeli ya hali ya juu, na karne ya 20 iliiigiza vizuri. Lakini hewa ukaa ikiongezwa maradufu, ilitoa ongezeko la nyuzi 5.3. Je, tuanze kuogopa zaidi, au modeli ina kasoro? Mwaka 2020 Jiang Zhu na wenzake waliipeleka Eosini. Nchi kavu ya tropiki ikapanda hadi kupita nyuzi 55, joto ambalo mimea haiwezi kujitengenezea chakula, ilhali visukuku vinaonyesha misitu minene ilistawi katika tropiki za wakati ule. Walipoipeleka enzi ya barafu, ikapoza dunia kuliko inavyokubalika. Modeli iliyoshindwa upande wa joto na upande wa baridi ilibidi ifunguliwe, na kasoro ikaonekana kwenye mawingu, hasa jinsi modeli ilivyohesabu chembe za barafu zilizomo. Iliporekebishwa, wepesi wake wa kupata joto ulishuka hadi karibu nyuzi 4. Kasoro hiyo isingegunduliwa kwa kutazama karne ya 20 peke yake, na kwa maoni yangu huu ndio mfano mmoja unaotosha kumjibu anayeuliza utafiti wa mambo ya kale una faida gani.

Joto la dunia nzima, hata hivyo, ndilo somo rahisi. Mvua ni somo jingine. Kati ya miaka 11,000 na 5,000 hivi iliyopita, Sahara ilikuwa na nyasi, maziwa na viboko, na watu walichora ng'ombe kwenye miamba ya Tassili n'Ajjer nchini Algeria. Ziwa Turkana lilijaa hadi maji yake yakamwagikia upande wa Nile. Chanzo tunakijua. Mwelekeo wa dunia kwa jua ulikuwa tofauti kidogo, na majira ya joto ya kaskazini yalipata mwanga zaidi. Tangu mradi wa kimataifa wa kulinganisha modeli za tabianchi za kale uanze miaka ya 1990, modeli zimepewa swali hili tena na tena. Nyingi huongeza mvua kusini mwa Sahara, kisha hukwama. Haziifikishi kaskazini kwa kiasi cha kuotesha nyasi. Zikipewa uoto na vumbi pungufu kwa mkono, hufanya vizuri zaidi, maana yake mahusiano kati ya mimea, udongo na mvua hayajakaa sawa ndani yake. Modeli isiyoweza kuinyeshea Sahara ya miaka 6,000 iliyopita haina haki ya kujiamini sana inapozungumzia mvua ya Afrika ya mwaka 2080.

Na hapo ndipo masika yetu yanapoingia.

Kuanzia miaka ya 1980 hadi karibu 2010 mvua za Machi hadi Mei zilipungua katika sehemu kubwa ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilishindwa katika Pembe ya Afrika, mifugo ikateketea, watu wakahama. Vuli ya 2023 ikaja na mafuriko, na masika ya 2024 vilevile. Modeli nyingi, kwa upande wake, zinasema Afrika Mashariki itapata mvua zaidi katika karne hii. Watafiti wanakiita kitendawili cha tabianchi ya Afrika Mashariki. Sababu moja ya kuzitilia shaka modeli hizo inajulikana. Nyingi hata misimu ya leo haziipati sawasawa: vuli huizidisha, masika huyapunguza, mpaka msimu mdogo unaonekana ndio mkubwa. Vuli hufuata sana joto la Bahari ya Hindi, na huzidi lile la upande wa magharibi likipanda kuliko la mashariki. Modeli inayozidisha nguvu ya vuli ina kila sababu ya kuahidi mvua nyingi.

Shahidi aliye karibu nasi zaidi ni Ziwa Challa. Limekaa ndani ya kreta mashariki mwa Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania na Kenya unapita katikati yake. Kina chake kinazidi mita 90 na maji ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo hakuna wadudu wa kuchimbachimba na kuvuruga kinachotua. Wakati wa kipupwe upepo wa kusi hulikoroga ziwa, virutubisho hupanda, na diatomu, mimea midogo yenye maganda ya silika, huzaana kwa wingi kisha hufa na kuacha utando mweupe. Mvua zikija, kinachotua ni cheusi. Mweupe na mweusi hufanya mwaka mmoja, mwembamba mno, na mtafiti huhesabu miaka hiyo kwenye tope lililokatwa kama anavyohesabu kurasa. Mwaka wa upepo mkali na ukame huacha tabaka nene. Utafiti uliotoka 2011 ulionyesha kwamba katika enzi ya barafu mvua hazikuwa zikipanda na kushuka mwaka hadi mwaka kama zinavyofanya katika miaka 3,000 ya karibuni. Hali ya joto, kwa kipimo cha Challa, ni hali ya vigeugeu vikubwa zaidi. Mwaka 2016 uchimbaji mwingine ulipenya zaidi ya mita 200 na kutoa tope linalorudi nyuma robo milioni ya miaka.

Matokeo yaliyochapishwa 2023, kutokana na miaka 75,000 ya tope hilo, yanapaswa kusomwa na kila mpanga mipango. Katika enzi ya baridi, joto lilipopanda eneo lilipata unyevu zaidi. Katika enzi hii ya joto tuliyomo, uhusiano umegeuka: joto likipanda, unyevu hupungua.

Mashahidi wengine wawili wanaelekea upande huohuo. Tope la Ziwa Naivasha, lililochapishwa mwaka 2000 na Dirk Verschuren na wenzake, linaonyesha ukame mkubwa kati ya mwaka 1000 na 1270, wakati sehemu nyingi za dunia zilipokuwa na joto kiasi, kisha unyevu zaidi hadi 1850, uliokatizwa na vipindi vitatu vya ukame. Vipindi hivyo vinakaribiana na nyakati za njaa na uhamaji zinazokumbukwa katika simulizi za watu wa nchi za maziwa makuu, jambo ambalo wanahistoria wetu wangelishughulikia zaidi kuliko walivyofanya. Tope la Ghuba ya Aden, kwa kusoma nta ya majani iliyopeperushwa baharini, linaonyesha kwamba kasi ya kukauka kwa Pembe ya Afrika katika karne ya 20 si ya kawaida kwa kipimo cha miaka 2,000.

Kwa hiyo modeli zimekosea? Tusikimbilie huko. Ziwa Edward, mpakani mwa Uganda na Kongo, lilikumbwa na ukame katika karne zilezile ambazo Naivasha ilijaa, hivyo anayesema "Afrika Mashariki ilikuwa na mvua" anapaswa kuulizwa ni upande gani. Ushahidi nao huchanganyika na mkono wa binadamu. Matumbawe ya Malindi yana kumbukumbu ya joto la bahari inayorudi hadi mwanzoni mwa karne ya 19, na pia yana bariamu inayoletwa na tope la mto Sabaki. Bariamu hiyo imeongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Asomaye kwa haraka atasema mvua ziliongezeka. Watafiti walihusisha ongezeko hilo na ardhi ya bara kufyekwa na kulimwa, kuanzia enzi za walowezi.

Lililo zito kuliko hayo yote ni hili: modeli na tope hazipimi kitu kimoja. Modeli inapoahidi ongezeko, inazungumzia mvua inayoanguka. Kinachohifadhiwa Challa ni unyevu unaobaki baada ya jua na upepo kuchukua chao. Mvua inaweza kuongezeka kwa sehemu kumi, mvuke ukaongezeka kwa kumi na tano, na mkulima wa Mwanga au Taveta akabaki na shamba kavu zaidi ya alilolima babu yake. Hizo namba ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo hiyo. Inawezekana kabisa modeli na tope vyote viwili vikawa sahihi, na serikali ikapanga vibaya kwa sababu ilisoma cha kwanza tu. Nashangaa jinsi taarifa nyingi za mipango zinavyotaja mvua peke yake, kana kwamba joto ni jambo la pembeni.

Ipo tahadhari nyingine ambayo wapenzi wa tope, nami nikiwemo, hatuna budi kuikubali. Joto la miaka 6,000 iliyopita lilitokana na mwelekeo wa dunia kwa jua, ambao hugawa mwanga kwa msimu na kwa latitudo. Joto la leo linatokana na gesi, na gesi haichagui msimu. Mvua inayofuata jua na mvua inayofuata gesi huenda zisifanane. Ndiyo maana kuurefusha mstari wa zamani kwa rula hakutoshi. Lonnie Thompson na wenzake walichimba nguzo sita za barafu Kilimanjaro mwaka 2000, wakapata kumbukumbu waliyoikadiria kuwa ya miaka 11,700, kazi ya thamani kubwa. Pia walikadiria kwamba kwa kasi iliyokuwepo barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Barafu imeendelea kupungua, lakini miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo. Kosa hilo halikutoka kwenye kumbukumbu ya kale. Kilichoyumba ni rula. Ushahidi wa kale hufanya kazi yake vizuri zaidi ukipitia modeli, ambako sababu hutenganishwa na kila moja kupimwa peke yake.

Kwa sasa, basi, tunajua mambo haya kwa uhakika usiolingana. Kwamba hewa ukaa inapasha dunia joto, na kwa takriban kiasi gani, ushahidi wa kale umeliweka sawa kiasi cha kutoacha nafasi ya ubishi wa maana. Kwamba misimu ya Afrika Mashariki itakuwa ya vigeugeu zaidi, ukame ukifuatwa na gharika, Challa na modeli wanakubaliana. Kuhusu masika kuongezeka, modeli bado hazijafaulu mtihani, na anayekuuzia mradi kwa msingi wa ongezeko hilo anakuuzia kitu ambacho hakijapimwa.

Hili si suala la maabara. Bwawa la Nyumba ya Mungu kwenye mto Pangani na mabwawa ya mto Tana nchini Kenya hupokea maji ya misimu hiyohiyo miwili, na kila skimu mpya ya umwagiliaji kwenye mabonde hayo hujengwa itumike miongo kadhaa. Makadirio yake huletwa na washauri wakiwa na grafu nzuri za modeli, na mezani wizarani mara nyingi swali linaloulizwa ni gharama. Yaongezwe maswali mawili. La kwanza: modeli hizi zilipata nini zilipopewa hali ya miaka 6,000 na ya miaka 21,000 iliyopita? La pili: namba hii ni ya mvua, au ya maji yatakayobaki baada ya mvuke? Mshauri akishindwa kujibu, mradi ukadiriwe upya kwa hali zote mbili, ya mvua kuongezeka na ya ardhi kukauka, kabla saruji haijamwagwa.